Mama Uliyemwambia

Mdogo wangu Tari,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Tangu niondoke Malindi nimekutumia ujumbe wa simu hadi vidole vimechoka. Unausoma, unanyamaza. Basi nimerudi kwenye karatasi, angalau barua haina alama ya kunionyesha kwamba umeisoma ukaiweka kando. Mimi mzima. Mkono umeunga vizuri, ila baridi ikizidi unaniuma kwenye kifundo. Wewe hujambo? Na mama je, anakula? Bado analala pale mkekani alipokalia matanga, au amerudi kitandani kwake? Nakuuliza wewe kwa sababu simu zangu hapokei, na wewe ndiye unayekaa naye.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Mama anakizungumza kutushinda sisi, lakini kukisoma hajui, yeye herufi zake ni za Kipunjabi tu. Tulipokuwa wadogo hilo lilitufaa sana, tukipitishiana vikaratasi vya utundu wetu mbele ya macho yake. Leo sitaki kumficha. Nataka umsomee barua hii wewe, kwa kinywa chako.

Huku ng’ambo kiwanda cha mbao kimefunguliwa, nami nimerudishwa kwenye msumeno mdogo mpaka mkono upate nguvu. Jumapili naenda gurdwara, nyumba yetu ya ibada. Nusu ya wanaume wa hapa wamenyoa, ingawa dini yetu sisi Masinga inakataza kukata nywele na ndevu. Wako wazee wanaotugeuzia uso tukiwasalimu, na wako akina mama wanaotuongezea chapati kana kwamba nywele zimetuacha na njaa. Kusoma Kitabu mbele ya watu hatupewi. Mimi napewa masufuria nisugue, na ninayasugua. Hawanipendi sana, lakini hawajanidanganya.

Wewe unajua nilivyozikata, maana ni wewe peke yako niliyekwambia. Kilemba ni kitambaa cha mita tano, Tari. Nyumbani kila asubuhi ulishika ncha hii, mimi nikashika ile, tukakivuta na kukikunja huku baba akitupigia kelele tunachelewa karakana. Huku sikuwa na mtu. Nilikuwa naifunga ile ncha kwenye kitasa cha mlango, nikavuta peke yangu kama mwendawazimu. Mkono ulipovunjika hata kitasa hakikunisaidia. Nywele zikasokotana, zikaanza kunuka, nikaona haya kupanda basi. Ndipo nikaenda kwa kinyozi. Nililia pale kitini mpaka yule bwana akadhani amenikata sikio.

Nilikupigia siku ile ile, ukaniambia siri yangu iko kwako. Nikakuamini bila wasiwasi, kwa kuwa ya kwako iko kwangu miaka yote hii. Ndevu zako unazipunguza kwa mkasi tangu shule ya upili. Baba aliniuliza mara ngapi, nami nikamjibu kwamba za Tari hazioti tu, ndivyo alivyoumbwa?

Kisha baba akafariki. Nikasita kuja, nikakuuliza nitamtazamaje mama. Nayakumbuka maneno yako yote: “Kaka, njoo tu. Nimemwambia mama, na hana neno.”

Ulisema mama. Kwa Kiswahili chetu mimi na wewe, mama ni yule aliyetuzaa. Mjomba wetu, kaka yake mama, tunamwita Mamaji, kwa kuwa Kipunjabi humwita mjomba “mama”, na “ji” ni ya heshima. Umesahau watoto wa mtaani walivyotucheka, ati hawa Kalasinga wana mama mwenye ndevu? Tangu kicheko kile, hatujawahi kuiacha ile “ji” hata siku moja. Wewe mwenyewe ulipigana kwa ajili yake.

Nilipanda ndege moyo ukiwa mwepesi, Mungu anisamehe, wakati baba yangu amelala maiti. Nilijua mama anajua, na hana neno.

Wanawake walipotoka chumbani mchana ule niliofika, nikabaki na mama. Nikavua kilemba, nikalaza kichwa mapajani pake kama zamani, nikamwambia, “Ahsante mama kwa kunipokea hivi nilivyo.” Mkono wake ulikuja kunipapasa. Ukagusa kichwa, ukaruka kama umegusa kikaango cha moto. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, “Harjit, nywele zangu umezipeleka wapi?”

Zake, Tari. Alizichana miaka kumi na miwili kabla sijajifunza kujichania. Hakungoja jibu. Alijifunika mtandio uso mzima mpaka nikatoka.

Sikulala, nikijiuliza kama huzuni imemsahaulisha uliyomwambia. Nilifahamu siku ya kumaliza matanga. Unajua desturi: upande wa mama huleta kilemba, mtoto wa kwanza hufungwa mbele ya watu, iwe ndiye anayesimama mahali pa baba. Mamaji, na cheo chake cha kamati ya gurdwara huko Mombasa, akakileta mikono miwili, akanifikia, akanipita. “Kilemba hakikai juu ya kichwa kilichonyolewa,” alisema. “Huyu atakaa nasi na kula nasi. Nyumba ataishika mdogo.” Hakukuwa na mtu aliyeshtuka. Wote walikuwa wameshaambiwa. Nami niliketi pale nikiwa nimevaa kilemba changu, nadhifu kabisa, wakinitazama kama mtu aliyetoka msalani hajajua suruali iko wazi.

Na wewe ukainamisha kichwa ukafungwa. Nilikuwa karibu nawe, nikaziona ndevu zako zilivyosawazishwa pembeni. Baadaye uani walikuzunguka, huyu ndiye Singa wa kweli, huyu ndiye damu ya baba yake, wakakuvika kilemba cha ukoka juu ya kile cha baba, na wewe unatabasamu.

Nikakuvuta hadi karakana, kwenye bomba la maji. Nikakuuliza, “Si uliniambia umemwambia mama?”

“Ndiyo. Mamaji.”

“Hukusema ji.”

“Kaka, simu ilikuwa mbaya.”

Simu ilikuwa safi. Nilisikia hata kunguru wa sokoni. Ile ji uliimeza, kwa sababu ulijua nikiisikia sitakuja, na nisipokuja watu watauliza kwa nini mkubwa hakungojwa. Ulitaka nije nikataliwe hadharani ili wewe uwe msafi. Nimeona uchungu kuandika hivyo, lakini ndivyo ninavyoamini. Na ujinga wake ni kwamba ungeniomba ningekupa. Wewe ndiye uliyebaki ukamwogesha baba na kumlisha uji. Ningesimama mbele ya Mamaji niseme mfungeni mdogo wangu, na mama angesikia.

Siku ya kumwaga majivu ya baba mtoni Sabaki ulinipa chombo nikishike. Nilidhani umetubu. Kumbe ulitaka mikono iwe huru upige picha.

Sasa sikiliza. Kabla sijaondoka, Bi Mwanaisha jirani alinishika mkono mlangoni. Aliniambia, “Mwanangu, kilichomuuma mama’ko si nywele. Ni vile ulivyovua kilemba mbele yake hali mumewe hata siku saba hajatimiza. Aona umemdharau kusudi.” Nikamwambia mimi nilidhani anajua. Akaniuliza nani aliyenidanganya, sikulitaja jina lako. Nilikulinda hata pale, mazoea mabaya.

Mamaji na kamati yake wana imani yao, siwadai kitu. Nimekata, nimetoka kwenye mstari wao, wana haki ya kuninyima. Lakini mama anaamini nilitoka ng’ambo kuja kumtemea mate katika msiba wake, na ni mtu mmoja tu duniani anayeweza kumwambia kwamba si kweli. Mwambie ulisema nini kwenye simu. Mwambie nilimwonyesha kichwa kwa sababu nilidhani amekwisha kunisamehe. Kuhusu mkasi wako usiogope, sitausema, na mstari ule ukiufikia uruke ukitaka. Hii mingine usiiruke.

Nisalimie Kazungu fundi wetu, mwambie ile mashine ya boti aipake mafuta, asingoje ikwame. Bi Mwanaisha mpe shikamoo yangu na umwambie halua yake ilifika nzima. Mamaji msalimie pia, ni mjomba wangu bado. Mama mwinamie miguuni kwa niaba yangu, ukiinuka usiondoke haraka.

Kilemba cha baba kaa nacho, kimekupendeza. Mama nirudishie.

Ni mimi kaka yako, ukipenda usipende,
Harjit