Mlima Unaobana Ubavuni

Jumatatu, 3 Juni

Upepo wa hapa Zuzu tena, vumbi mpaka kwenye chai. Nimeendesha modeli ya handaki la maji tunalolitoboa mlimani kabla hata ya kusalimiana na watu. Kazi ni ile ile: naukata mlima vipembetatu ndani ya kompyuta, natoboa tundu, naangalia mwamba utasogea wapi. Jibu: paa litashuka kidogo, kuta zitatulia. Safi.

Mchana Halima, mpima wetu, akaleta vipimo vya ndani ya handaki. Kuta zinakaribiana. Paa wala halijashuka. Nikamwambia vioo vyake vya kupimia vimegongwa na mtu. Akasonya. "Vioo vyangu vizima. Labda mlima wako ndio wa uongo." Amenikera.

Jumanne, 4 Juni

Amepima upya nikiwa nimesimama naye. Kuta zimesogea tena. Kidogo tu, unene wa kucha. Lakini mlima mzima wa mawe, na umesogea! Nywele zilinisimama.

Nimeogopa pia. Kule mbele ndani ya handaki, mzee Chiwanga na wenzake wanachoronga, wanatoboa mwamba matundu ya baruti. Paa juu yao halina boliti za kushikilia mwamba wala nyavu, kwa sababu modeli yangu ilisema halihitaji.

Jumatano, 5 Juni

Nimeipata kasoro. Faili la modeli lilitoka kwenye kazi ya Pwani, kama kawaida yetu: unachukua la zamani, unabadilisha jina. Kule ardhi ni laini, uzito unatoka juu. Huku ni mawe ya kale, yanabanwa zaidi kutoka ubavuni. Nikabadilisha mkazo, mbano utoke ubavuni. Kuta zikaingia ndani, sawasawa na vipimo vya Halima. Mungu wangu. Jiwe hili limebanwa tangu kabla hajawapo mtu wa kulikanyaga, likanyamaza. Sisi tumetoboa tundu, limepata pa kuhemea.

Halafu nikaangalia paa. Jekundu lote kwenye kompyuta, rangi ya hatari. Mlima ukibana hivi, paa ndilo litakalobanduka.

Nikakimbia kwa mhandisi mkuu, Bwana Ndahani. Kazi imechelewa tayari, wakubwa wanampigia simu kila mara. Akauliza nina uhakika. Nikasema hapana, ila watu watoke. Akawatoa.

Mzee Chiwanga alipita akinicheka. "Binti, mlima gani huo unaoogopwa na kompyuta?" Kama nimekosea, nimekwisha.

Alhamisi, 6 Juni

Hakuna kilichotokea. Wachorongaji wamekaa juani wananitazama. Ndahani haongei nami.

Ijumaa, 7 Juni

Limeanguka.

Asubuhi, bila baruti, bila mtu kugusa. Mlio kama ubao unapasuka, halafu vumbi. Bamba la jiwe kubwa kuliko kitanda changu, pale pale wanaposimama kuchoronga. Ndani hakukuwa na mtu. Nikakaa mchangani. Sijafurahi kuwa sahihi. Nimestaajabu tu. Nguvu zote zile, na mimi naziona kama rangi kwenye kioo cha kompyuta.

Jumatatu, 10 Juni

Boliti zinaingia, nyavu na zege vinafuata. Halima anasema kuta zimetulia. Nimeingia, nikaweka kiganja kwenye jiwe. Baridi. Kimya.

Nilipotoka nikakutana na mzee Chiwanga mlangoni. Nikampa shikamoo. Alivua kofia yake ngumu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia mpaka ukapata joto.