Mwanao Kaniigiza Mbele za Watu

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na shemeji ameacha kubishana na redio. Sisi huku wazima, ila mimi mwenzako nimechoka na binti yako (akinikosea ni wako, si wangu), na nimeona nikueleze kabla hujasikia kwa watu.

Unajua yumo kwenye kikundi cha maigizo cha shule. Wiki tatu nzima namuuliza kapewa kuigiza nini, jibu lake ni kwamba nisubiri, nitajionea. Nikadhani malaika, au mti. Jumamosi ya onyesho nikafunga kibanda changu cha kushonea mapema, nikavaa gauni la kijani, nikakaa mstari wa mbele. Akaja kukaa pembeni yangu nani, kama si mwalimu mkuu, ambaye ndiye anayeamua nani atashona sare za mwaka huu. Kazi hiyo nimeihangaikia miezi. Nikamsalimia kwa adabu zangu zote, nikakaa wima kama niliyemeza rula.

Pazia likafunguka. Huyo binti yako katoka na kilemba changu kichwani, futi shingoni, pini tatu mdomoni. Kaigiza fundi cherehani, tena si fundi yeyote, ni mimi nilivyo: ninavyomwambia mteja kwamba nguo yake imebaki vifungo tu, wakati kitambaa hata mkasi hakijauona, na ninavyovuta pumzi kabla ya kumpima mtu kiuno. Ukumbi ulikuwa hoi kwa kicheko. Wateja wangu wawili waligeuka kunitazama, wakagongana viwiko. Mimi nacheka kwa meno tu, moyoni namtafutia fimbo.

Kisha akachukua sindano. Akaisogeza mbali mpaka mwisho wa mkono, akaulamba uzi, akakosa tundu. Akasogea dirishani, akakosa tena. Mara ya tatu akamwita mtoto wake wa kwenye mchezo, akamwambia kwa ukali kwamba amefika umri wa kujifunza kutunga uzi. Watu wakazidi kucheka. Mwalimu mkuu peke yake aliacha, akatazama mikono yangu. Nikaificha chini ya mkoba.

Njiani nilimsema mpaka koo likanikauka. Nilimwambia anataka kuninyang'anya kazi mdomoni. Tulipofika mlangoni ndipo akasema kwamba kwa maneno ameshaniambia mara nne, nikamfukuza mara zote nne, na hakujua njia nyingine. Hilo liliniudhi kuliko mchezo wenyewe.

Basi nikuambie ukweli, Dada, maana tangu mstari wa kwanza unajiuliza mwandiko huu ni wa nani. Ni wake. Mimi nasema, yeye anaandika, hata pale ninapomsema yeye haruki neno. Macho yangu yamekwisha. La kulia limeingia ukungu, la kushoto linalifuata. Kila asubuhi kabla ya shule ananitungia uzi kwenye sindano kumi, nazificha kwenye kopo ili wateja wasijue. Naogopa kwenda kwa daktari. Ataniambia niache kushona, na mimi kazi nyingine siijui.

Sare nimepewa, jana vimeletwa vipimo. Nikishazimaliza nitakwenda hospitali, kwa hiyo usijisumbue kusafiri na goti hilo.

Nisalimie shemeji na watoto wote, mkubwa kwa mdogo.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi

Mama mkubwa, shikamoo. Haya ni yangu mwenyewe. Juzi alishona kidole chake pamoja na kola, akanikataza kumwambia mtu. Usimsikilize, njoo umpeleke. Hatajua nimekuandikia, kwa sababu nimemsomea barua yote mpaka kwenye jina lake nikanyamaza, na yeye haoni kwamba chini yake kuna maneno mengine.