Nguruwe wa Kapteni

Jumapili, 2 Juni

Redio kaja kula tena. Ni kaka wa mke wangu. Jina la Redio nimempa mimi, maana anaongea hata kama hakuna anayesikiliza. Leo mezani aliwaeleza wanangu kazi ya baba yao. Eti katika wanaume wote anaowajua, mimi ndiye niliyeua wengi kuliko wote na sijawahi kumfukuza hata mmoja. "Shemeji anaua vilivyofungwa kamba," akasema. Watoto wakacheka. Mke wangu naye! Aliziba mdomo kwa mkono, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Na nyama aliyokuwa akiitafuna inatoka buchani kwangu. Ya bure, kila Jumapili.

Nilitabasamu kama mjinga. Baada ya kula nikaingia chumbani nikampigia yule bwana wa matangazo, anayejiita Kapteni, anayepeleka watu kuwinda nguruwe mwitu kwa malipo. Tangazo lake linasema nguruwe ni wakali, chonge zao zimejikunja kama ndoana, na hakuna anayerudi mikono mitupu. Nimelipa kwa mkupuo. Mke wangu hajui.

Nataka kichwa. Kichwa chenye chonge. Nataka kukiweka mezani mbele ya sahani ya Redio, nimwangalie akitafuta la kusema.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefika kambini. Nilitegemea mahema na moto wa kuni — nimekuta vyumba vya mabati vya rangi ya kijani, feni, na friji ya soda. Godoro ni zuri kuliko la nyumbani. Pori lenyewe linaanza nyuma ya choo.

Kapteni ni mwembamba, ana kofia ya ngozi, na anaongea polepole kama mtu anayepigwa picha. Buti zake hazina tope. Nilimuuliza mnyama hupasuliwa wapi. Akasema hapa mwindaji hachafui mikono, ndiyo desturi ya kambi: watu wake wanamtoa matumbo na kukata kwato nyuma ya uzio, mgeni anakabidhiwa mzigo safi. Nikamwambia mimi ni mchinjaji kwa kazi. Akacheka, akaniambia basi pumzika, bwana, uko likizo. Nimeona ni heshima.

Jioni nimejifunza bunduki kwa kulenga madebe. Bega linauma. Nina furaha kama mtoto — naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 8 Juni

NIMEUA!

Tulikaa kwenye kibanda cha kuotea tangu alfajiri, mimi na Kapteni. Mtu wake mmoja alimwaga mahindi mbele yetu, akagongagonga ndoo chini — kukung'uta yaliyonata, nadhani — akaondoka. Hata sijakaa vizuri, nguruwe huyo! Mweusi, mpana kama kochi. Na hakukimbia. Aliniona, naapa aliniona, akanyanyua pua akaja moja kwa moja. Kapteni akaninong'oneza kwamba huyu haogopi mtu, mpige kabla hajatufikia. Nikapiga. Akakaa kitako, kisha akalala ubavu.

Nililia kidogo. Kapteni alinishika mkono, akasema amewahi kuona wanajeshi wakitetemeka kuliko mimi.

Chonge ni fupi kuliko za kwenye tangazo. Kapteni anasema wakali huzivunja wakipigana.

Jumapili, 9 Juni

Kichwa mezani. Redio alikizunguka, akainama, akapitisha kidole kwenye tundu la sikio. Tundu duara kabisa. Akauliza kama ni la risasi. Nikamwambia ni jeraha, hawa wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Akakaa. Akasema, "Shem, leo umenifunga mdomo."

Mbele ya watu wote! Watoto walitaka nisimulie tena na tena. Kila nikirudia, nguruwe anaongeza mbio. Mke wangu alinimiminia chai mimi kabla ya kaka yake. Sijapata siku nzuri hivi tangu harusi, na hata harusi yenyewe Redio aliiharibu kwa hotuba.

Jumatatu, 10 Juni

Sijui nianzie wapi.

Leo nilimtoa nguruwe wangu kwenye friji la bucha nianze kukata. Kisu kikazama. Mafuta! Meupe, laini, unene wa kiganja. Mnyama anayetafuta chakula porini kutwa anayatoa wapi mafuta hayo? Nikajiambia labda alikuwa mvivu. Nikageuza miguu ya nyuma. Sugu kwenye viungo. Zile sugu za kulala kwenye sakafu ya saruji, ninazoziona kila siku ya Mungu. Nikakimbilia kichwa nikashika sikio. Lile tundu ni la hereni ya plastiki, ile ya namba. Wameing'oa.

Wa bandani. Amelishwa kwa ndoo tangu azaliwe. Aliposikia ndoo alikuja kula. Aliponiona alinikimbilia kwa kuwa amezoea mtu akimletea chakula. Na mimi nikamlilia machozi!

Kwato walikata ili nisione zilivyorefuka. Matumbo walitoa ili nisione pumba. Desturi ya kambi! Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, mimi, ambaye nauza nyama.

Nimefunga bucha mchana. Wateja wakagonga, wakachoka, wakaenda zao.

Jumatano, 12 Juni

Kwanza nilitaka kwenda kumkaba koo. Halafu nikafikiria polisi — nikaseme nini? Kwamba mchinjaji hakumtambua nguruwe wa kufugwa? Redio angekuwa nayo kabla jua halijazama. Hapo ndipo ninapokabwa mimi.

Lakini Kapteni atanitambua. Si kwa simu. Nataka iwe kambini kwake, mbele ya wageni wake, mnyama akiwa na tumbo lake na kwato zake zote nne, na kisu nikiwa nacho mimi.

Jioni Redio alileta wenzake wa ofisini kuona kichwa. Alisimulia yeye, utadhani alikuwepo. Na hakuweza kujizuia. Mwishoni akaniwekea mkono begani, akawaambia chonge za shemeji hata bibi yake alikuwa nazo. Wakacheka mpaka wakajishika mbavu.

Basi na yeye pia. Ataangusha nguruwe wa bandani mchana kweupe, ajisifu mpaka akaukiwe na mate, kisha nifungue tumbo. Wote wawili kwa kisu kimoja. Leo nitalala vizuri, mara ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 20 Juni

Nimempa Redio zawadi: safari ya kuwinda, kila kitu juu yangu. Akauliza, kwa nini mimi? Nikasema sisi ni ndugu. Akanikumbatia, marashi yake yakanikaa shingoni. Akasema tangu baba yao afariki hakuna aliyewahi kumpa kitu bila yeye kuomba. Nilijisikia vibaya mpaka nilipofika getini.

Mke wangu kaniuliza mimi na kaka yake tumeanza lini kupendana. Akaniangalia sana. Anataka kuja. Aje! Mwenye mabega ya kutikisika aje aone.

Kapteni nimempigia, nimemsifu mpaka ulimi ukauma. Nikaomba jambo moja tu, safari hii nimpasue mwenyewe, nimfurahishe shemeji. Akasitasita. Nikataja wateja wengine nitakaomletea. Akakubali. Tamaa!

Ijumaa, 28 Juni

Kambini tena. Kuna madaktari wa meno wawili na wake zao, zamu yao ni Jumapili. Mungu ananipenda.

Wakati wa chakula nilisimama. Nikawatangazia kwamba kesho shemeji akiangusha, nitampasua mnyama hapa hapa uani, niwaonyeshe nguruwe wa Kapteni wanakula nini. Somo la bure. Wakapiga makofi. Kapteni alikuwa kama aliyemeza mfupa, lakini angekataaje mbele yao?

Redio hajala. Amepiga pasi shati la kuwindia! Ameniuliza kama mnyama anasikia maumivu. Ameniuliza kama akikosa nitamcheka. Nikamwambia hapa hakuna anayekosa. Akanishukuru.

Nilimwangalia akikunja mikono ya shati. Nikakumbuka vilivyofungwa kamba, nikapona huruma.

Jumamosi, 29 Juni

Nimejifungia chumbani. Kuna damu kwenye ukurasa, si kitu. Niandike haraka.

Asubuhi Redio na Kapteni walikuwa ndani ya kibanda. Mimi nilitoka kunyoosha miguu, nikasimama kando, sina hata fimbo. Mtu wa ndoo alikuwa hajafika. Nguruwe akatoka. Akatokea upande mwingine kabisa, kwenye majani marefu. Mweusi, kifua kikubwa, nyuma mwembamba. Kapteni akaniita kwa sauti ya chini nirudi ndani. Akarudia. Sauti yake ilikuwa imebadilika, nami nikadhani ni maigizo yale yale. Nikacheka. Nikapiga makofi, nikamwita kama ninavyowaita wa bandani: njoo baba, njoo. Nilitaka Redio aone mwindaji anavyosalimiana na nguruwe.

Akaja. Nikaona chonge zote mbili, ndefu, na nikaelewa, na miguu ikagoma. Redio akapiga. Nguruwe aliniangukia miguuni, akanichana suruali na ngozi ya goti.

Redio aliacha bunduki, akanikimbilia, akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Shem, uko mzima? Shem?" Alikuwa analia. Hakujisifu hata kidogo. Afadhali angejisifu!

Tukamburuta mpaka uani. Nyuma ya uzio kulikuwa na nguruwe mwingine anapiga kelele, kifungua kinywa chake kimechelewa. Wale madaktari na wake zao wamekaa kwenye viti, simu juu. Mke wangu mbele kabisa. Redio anawasimulia, na anachosimulia ni mimi! Eti nilisimama bila silaha kwa makusudi, nguruwe anifuate mimi, yeye apate nafasi ya kulenga. Eti hajawahi kuona moyo kama huo. Mke wangu alinigeukia, na macho yale sikumbuki lini aliniangalia nayo mara ya mwisho.

Nikachukua kisu. Nikaanza na miguu. Hakuna sugu. Kwato zimelika kwa mawe. Masikio mazima. Chini ya ngozi hakuna mafuta ya kujaza kijiko. Nikafungua tumbo. Mizizi. Udongo. Mbegu nyeusi, konokono. Hata punje moja ya mahindi hakuna.

Wa kweli. Redio kapata wa kweli! Mimi nimemlilia mfugo, na yeye, kwa zawadi yangu, kwa siku yake ya kwanza, na shati la pasi!

Wakauliza ninaona nini. Nikafunika kwa ngozi, nikasema nahitaji maji na kisu kingine. Kapteni alikuwa amesimama karibu. Tumeangaliana. Anajua kwamba najua. Na hawezi kufungua mdomo, maana akiapa huyu ni wa porini, nitamuuliza mbele ya wote yule anayelia nyuma ya uzio ni wa kazi gani. Pale uani hakuna mwingine anayejua kusoma tumbo. Kwao ni uchafu tu. Nikisema chochote, ndicho kitakuwa.

Najua la haki ni lipi. Nitoke, niseme ni wa kweli, nimshike mkono. Na Kapteni aponee, abaki na dhamiri yake. Lakini basi Redio atasimulia mpaka siku ya kuzikwa. Ataanza kwa kunisifu, ndiyo. Mwaka wa kwanza atanisifu. Mwaka wa pili nitakuwa nimetetemeka. Mwaka wa tatu nitakuwa nimejikojolea. Mezani kwangu, kila Jumapili, ninamkatia nyama na yeye ananikata mimi. Namjua!

Au simjui. Alikuwa analia.

Mke wangu kaja mlangoni. Hakuingia. Kaniuliza mbona nimeondoka vile, nimekuta nini ndani ya nguruwe.

Nimesema, "Mahindi. Pumba na mahindi. Wa kufugwa huyo, wametuchezea."

Limetoka lenyewe. Hapana — nimelitoa mimi.

Akauliza, "Nimwambie mimi au utamwambia wewe?" Nikainamia daftari. Sasa nasikia ndala zake kwenye kokoto. Redio yuko kwenye simulizi, mke wa daktari mmoja anasema jamani, jamani. Ndala zimesimama. Sauti ya Redio imeshuka, kisha sikuisikia. Kuna kiti kimesogezwa.

Kapteni anasema kitu, haraka, si ile sauti yake ya polepole.

Ni hatua za Redio hizi. Hajagonga. Yuko nje ya mlango, nasikia anavyopumua. "Shem, njoo basi unionyeshe," anasema. "Ukisema wewe, mimi nitakubali."

Nimemwambia nakuja. Bado naandika.