Wanaomtaja Babu

Shikamoo Babu. Sisi wazima, alhamdulillahi.

Hili sijapata kumwambia mtu: nilikutafuta mtandaoni nione wanasayansi wenzako wametaja tafiti zako mara ngapi. Ule wa mbu wameutaja sana. Wa mikorosho, hakuna hata mmoja aliyeutaja.

Uliniuliza nataka kusomea nini. Baba husema, "Shika jambo moja. Usiwe kama babuyo, leo mbu, kesho korosho." Mimi nayataka yote mawili, nikaogopa kukujibu, Baba asije akaiona barua.

Jana Bi Mwanasha, jirani yetu hapa Matuga, alituletea korosho.

"Babuyo tunamtaja kila siku," akasema.

"Wapi, Bibi?" nikauliza, nikiitazama simu yangu.

"Kwenye dua! Mikorosho yetu ilikuwa inakufa, akaiponya. Hilo simu yako haijui?"

Nasikia ndala za Baba mlangoni. Barua hii siifichi tena.