Gari la Safari Ndefu

Jumatatu, 5 Machi 1951. Kitale.
Bati la mlango wa kushoto tena. Nimeligonga tangu asubuhi, bado halijakaa sawa na la kulia. Bwana Tarrant ametoka shambani kwake mara mbili kuja kutazama. Anataka gari la watu wawili, lenye mbio kuliko lolote huku, lakini mke wake afike Nairobi bila kuumwa mgongo. Miezi kumi na minne tunalijenga hapa gereji kwa Mzee Harnam, fundi wa Kihindi. Injini ya Kimarekani, chasisi tuliyoikata tukaifupisha, viti vya ngozi. Pasaka lazima wasafiri nalo.

Jumatano, 7 Machi.
Injini imewaka. Mngurumo mzito, hautetemeshi hata kioo. Wapita njia wa mtaa wa Kibomet walisimama. Nilifurahi kama mtoto.

Ijumaa, 9 Machi.
Nimeona ufa. Uko kwenye mkono wa usukani, ule unaogeuza gurudumu la mbele. Mwembamba kama unywele, kando ya mahali palipochomelewa. Nilichomelea mwenyewe, siku niliyokuwa na homa nisitake kusema. Leo nimepaka grisi juu yake. Sijui kwa nini.
Najua kwa nini.

Jumapili, 11 Machi.
Kanisani sikusikia neno. Mke wangu Nasimiyu aliuliza nina nini. Sina kitu, nikamwambia. Kesho Bwana analijaribu gari, Memsahib, mkewe, kando yake. Mkono ukikatika mteremkoni, wamekufa. Nami peke yangu nitajua kwa nini.

Jumatatu, 12 Machi.
Nimesema. Bwana alikuwa ameshavaa glavu.
"Nani nachomelea hii?"
"Ni mimi, Bwana."
"Kwa nini wewe hapana sema mbele?"
Akasema nisiguse tena gari lake. Mzee Harnam, aliyenifundisha kazi hii, hakunitetea. Alikwenda kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Alhamisi, 15 Machi.
Siku tatu sasa kazi yangu ni springi za lori la mahindi. Wenzangu hawanitanii. Afadhali wangenitania.
Mchana Mzee Harnam alifungua ule mkono, akaubana kwenye jiliwa, akapiga nyundo. Mara mbili. Ukakatika. Aliniita nione.
"Mbili tu," akasema. "Wewe tengeneza ingine, Wekesa. Hapana unganisha. Chuma moja."
"Na Bwana?"
"Bwana mimi nasema naye."

Jumatatu, 19 Machi.
Nimemaliza. Nimeufua mkono mpya kutokana na ekseli ya lori, kipande kimoja, hakuna kiungo. Mzee aliupiga nyundo mpaka akachoka, akaufunga garini. Viganja vyangu vimechubuka. Nina hofu ileile.

Jumatano, 21 Machi.
Bwana alifungua mlango wa kushoto, akaonyesha kiti cha Memsahib. "Wewe kaa hapa." Nikaelewa. Mkono ukikatika, tunakufa wote. Niliona ni haki, nikapanda.
Barabara ya Bungoma. Sijawahi kusafiri hivi. Maili sabini kwa saa, vumbi nyuma kama moshi, na sisi ndani tumetulia kana kwamba tumekaa sebuleni. Niliisahau hofu. Baada ya Kamukuywa, kwenye kona, ng'ombe wawili katikati ya njia. Bwana akakata usukani mpaka mwisho. Gurudumu likatii. Tukaingia majanini, tukasimama.
Mwenye ng'ombe alikuja akipiga kelele. "Ati mnakimbilia wapi, bana? Si ng'ombe wangu ni hawa wawili tu!"
Bwana akazima injini. Nilishuka nikalala chini ya gari, nikaupapasa ule mkono kote. Mzima.
"Tunaendelea?" Bwana akauliza. Aliniuliza mimi.
"Twende, Bwana."
Tulifika Bungoma, tukanywa chai, yeye ndani ya hoteli, mimi nje. Hakuomba msamaha. Wala mimi sikuwa nimeomba wangu. Niliuomba wakati wa kurudi. Akaitikia kwa kichwa, akaongeza mwendo.

Jumapili, 25 Machi. Sirisia.
Pasaka nyumbani kwa mama. Bwana na Memsahib waliondoka Ijumaa. Jana kabla hatujapanda basi, Mzee Harnam alituma mtu nyumbani kwetu Matisi kutuambia: simu imekuja, wamefika Nairobi, Memsahib alilala njia nzima.
Jioni nilimweleza Nasimiyu yote. Alisikiliza akichambua mboga.
"Uliogopa?"
"Sana."
Akasogea, nikapata nafasi karibu na moto. Mvua imeanza. Tukakaa.