Bango la Ushindi wa Jumapili

Mwenzangu, mbona hupokei simu? Basi soma hapa, halafu ufute.

Yule mpambe wa diwani, yule mwenye miwani, kaja dukani nimchapie bango. "Hongera kwa ushindi." Na karatasi ya matokeo, kituo kwa kituo. Matokeo ya kura tutakazopiga Jumapili.

Leo ni Ijumaa.

Sasa mimi unanijua. Miaka tisa kwenye uchapaji, sipitishi kitu bila kukihakiki. Nikapiga hesabu. Nikamwambia, "Kaka, hapa kituo cha shule ya msingi kura zimezidi waliojiandikisha."

Nimesema mimi. Kwa mdomo wangu huu.

Akaiangalia ile karatasi. Kisha akasema taratibu, "Asante, dada. Rekebisha."

Na nikarekebisha. Hesabu zikakaa sawa kabisa.

Akabeba vitu vyake. Kufika mlangoni akageuka. "Wewe unapigia wapi kura?"

Nikamwambia hapo hapo shuleni.

Akatabasamu. "Basi Jumapili pumzika nyumbani, dada. Wewe umeshapiga."