Bia Chungu ya Njeru

Baba,

Nimeharibu. Ama sijaharibu, sijui, na hapa nyumbani hakuna wa kunisaidia kujua.

Jumamosi Njeru alikuja na watu wake kutoka Embu kuleta mahari. Yule Njeru uliyemwita fundi wa povu, kwa sababu anapika bia yake mwenyewe mjini Meru na kuiuza kwa chupa. Ilitakiwa pombe ya asali, lakini yule nyanya aliyekuwa akiipika hapa Githongo ameokoka, hataki hata kusikia neno mzinga. Njeru akasema basi ataleta bia yake, ile kali kabisa, asionekane amewadharau wazee. Wakakubali. Pombe ni pombe, wakasema.

Desturi unaijua. Msichana anaonja kwanza, halafu anampa baba yake pembe ya kunywea. Ulinitania hivyo tangu nikiwa shule ya msingi: "Siku hiyo nitakuuliza, Kendi, ninywe nisinywe? Na ukikunja uso, namwaga!"

Baba, nilikunja uso.

Wueh! Ile bia ni chungu jameni, chungu kama dawa ya malaria ikikwama kooni, na ukali wake unapanda mpaka puani. Mdomo ulipinda wenyewe, machozi yakanitoka. Baba mdogo Mutwiri akasimama papo hapo: "Msichana amekataa." Njeru alinitazama tu. Mbuzi wao wakapandishwa tena kwenye pikapu, wakaenda.

Tangu siku hiyo akipiga simu naiangalia ikilia mpaka inyamaze. Nitamwambia nini? Sijui ni ulimi uliokataa ama ni moyo. Nampenda, hilo najua. Sasa kama nampenda, mbona sikusema hapo hapo kwamba ni uchungu tu? Ama nilikunja uso kwa sababu mkono uliokuwa ukingoja pembe haukuwa wako? Tangu tukuzike nimekuwa nikiogopa hiyo siku. Na hakuna aliyeniuliza, Baba. Baba mdogo aliangalia mdomo wangu, akamaliza. Mama anasema niombe. Naomba, sisikii jibu.

Leo asubuhi nimekuja hapa kaburini kwako, kando ya shamba la kahawa, na chupa moja waliyoisahau chini ya kiti. Nimeonja, uso ukajikunja. Nikaonja tena, ukajikunja tena. Lakini sikuiweka chini, na kuja kuangalia, imebaki tone tu. Hilo nimekumwagia wewe. Mama asijue.

Bado sielewi vizuri. Lakini simu ya Njeru nimeishika. Nimemwambia arudi, na alete ile ile, asithubutu kuipunguza ukali.

Haya, pumzika Baba yangu. Nakuahidi nitakunja uso mbele ya wazee wote, nimeze, kisha nimpe baba mdogo pembe. Na asiponiuliza, nitajibu vile vile, kwa sauti ya kukufikia hapo ulipo: kunywa.

Kendi wako